Nduru ya Damaris kwenye Filamu ya Akuru

Filamu ya Akuru ni mbaya. Waliosoma vitabu vyake vya vibonzo tangu toleo la kwanza walisema hivyo siku ilipotoka, wakosoaji wa Nairobi wakasema hivyo kwa maneno marefu zaidi, na hakuna aliyekosea. Akuru wa kitabuni ni msichana mwembamba wa kando ya ziwa, mwenye mabawa ya njiwa na mkuki wa baba yake, anayepigana na majitu yanayotoka majini kila mvua ndefu inapoanza. Kwenye karatasi, mchoraji alimpa magoti yenye makovu na uso wa mtu asiyelala vizuri. Kwenye filamu, ambayo ni ya katuni, magoti yamelainishwa kama ya mwanasesere, uso hausogei isipokuwa mdomo, na akitembea utadhani anavutwa kwa kamba. Majitu yote yanafanana. Ziwa linang'aa kama karatasi ya nailoni. Kila vita vinapoanza vumbi linatimka na kuficha kila kitu, na likitulia, vita vimekwisha. Hadithi iliyojaza vitabu kadhaa imesongwa ndani ya filamu moja, kiasi kwamba ambaye hakuvisoma hawezi kujua ni kwa nini jitu la mwisho linalia.

Pale Kosele, Kaunti ya Homa Bay, kuna mtu mmoja anayeishukuru filamu hiyo bila utani. Anaitwa Damaris Gesare, na anauza ndizi.

"Ni mbaya, hata mimi nilisinzia," anakubali, huku akipanga mikungu juu ya gunia. "Lakini mwenye kuitukana akaitukanie huko mbele. Si hapa kwangu."

Damaris ni Mkisii. Aliolewa Kosele na Boaz, Mjaluo aliyekuwa fundi wa mashine za kusaga unga, ambaye alikwenda kutengeneza mashine ya soko la kwao Damaris, Kisii, na akawa anaitengeneza mara nyingi kuliko ilivyoharibika. Walibatizwa siku moja katika kanisa la Wasabato. Kidholuo alikijifunza sokoni, kwa hiyo mpaka leo anakizungumza vizuri zaidi anapouza kuliko anaposali. Walipata mtoto mmoja, Helen, ambaye sasa anasomea uuguzi Migori.

Boaz alikufa asubuhi, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu. Damaris alipiga nduru. Msomaji wa mbali na huku aelewe kwamba nduru si ukelele wowote tu. Ni sauti ya kifo, ya moto, ya mwizi, ya mtu anayezama. Anayeisikia haulizi ni ya nani. Anaacha jembe, anaacha sufuria jikoni, anaacha hata ugomvi aliokuwa nao na mwenye kupiga, na anakimbia kuelekea inakotoka.

"Kabla sijamaliza pumzi," Damaris anasema, "mama mkwe wangu alikuwa mlangoni. Sijui alifikaje. Boma zima lilikuja."

Baada ya mazishi, wazee wa boma walimketisha na kumwambia lile ambalo wajane wa huko huambiwa: Wesley, mdogo wake Boaz, angemrithi. Damaris alikataa, na kwa maelezo ya wote waliokuwepo, alikataa kwa adabu. Alisema Wesley ni ndugu yake, ana mke wake, kanisa halikubali na yeye pia hakubali. Wesley aliangalia chini. Damaris anaapa kwamba alimwona akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyempiga wala kumnyang'anya kitu. Lakini mila ya boma lile ilikuwa wazi: mjane ambaye hajatimiziwa desturi haingii nyumba za watu, na watu hawaingii kwake wala kula chakula chake, kwa kuogopa kuwaletea watoto maradhi. Damaris alikaa na ukimya huo mpaka ukamshinda. Akamchukua Helen, akapanga vyumba viwili nyuma ya soko.

Boma analiona kutoka kibandani kwake, ng'ambo ya kijito, ua wake wa mimea ukiwa umekatwa sawasawa. Na kila siku ya soko mama mkwe wake, Mama Risper, alikuwa akipita mbele yake na fimbo yake ya kutembelea.

"Mama Helen, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, Mama."

"Helen anasoma?"

"Anasoma, Mama."

Kisha Mama Risper alikwenda hatua chache zaidi na kununua ndizi kwa Nyatichi, Mkisii mwenzake Damaris, ambaye ndizi zake hutoka katika lori lile lile. Hakukuwa na chuki ndani yake. Mama Risper alikuwa akifuata alichofunzwa, na Damaris alilijua hilo. Ndiyo sababu hakuwa na mtu wa kumkasirikia, jambo analosema lilikuwa gumu kuliko yote.

"Mimi kufa siogopi," alimwambia Nyatichi siku moja mvua ilipowafungia chini ya turubai. "Naogopa siku nitakayopiga nduru halafu nisikie kimya. Nikianguka hapa, nitabebwa na wateja."

"Wateja gani?" Nyatichi alimjibu. "Hao wanaobonyeza ndizi zako mpaka zinalia, halafu wanakuja kununua zangu?"

Walicheka. Lakini swali lilibaki, na Damaris hakuwa na njia ya kulijaribu. Nduru haijaribiwi.

Katika hali hiyo ndipo Terry alipotokea. Terry alikuwa msichana wa Nairobi, mnasa sauti wa kampuni iliyokuwa ikitengeneza filamu ya Akuru. Alizunguka sokoni na kipaza sauti kilichovikwa manyoya, kiasi kwamba mtu mmoja alimuuliza kama huyo paka anauzwa. Alikuwa akitafuta kelele za soko. Akasikia Damaris akiita wanunuzi, akasimama, akarudi kesho yake. Kitabuni kuna mwanamke anayeitwa Mama Lango, anayelinda mlango wa kijiji cha Akuru na kuwaita watu majitu yanapotoka ziwani. Terry alitaka Damaris awe sauti yake.

"Mimi sijawahi kuigiza," Damaris alimwambia.

"Mama, hapa unauza ndizi mbichi na unawaambia watu zimeiva. Si hiyo ni kuigiza?"

"Zitaiva kesho. Huo si uongo."

Alikubali. Walirekodia katika chumba cha gesti mjini Homa Bay, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Damaris alijifunza maneno ya Mama Lango kwa moyo kama mtu anavyojifunza nyimbo za kanisa. Terry anasema hakuhitaji kurudia sana, na kwamba baadhi ya sentensi alizitoa vizuri kuliko zilivyoandikwa. Yote yalikwenda sawa mpaka walipofika mahali palipoandikwa kwamba Mama Lango anapiga nduru.

"Haya, Mama. Piga."

"Hapa?"

"Ndiyo, hapa."

"Hapa mjini? Na hakuna aliyekufa?"

"Ni ya filamu, Mama. Na kuna magodoro."

"Wewe binti, hayo magodoro yatazuia nini? Watu watakuja. Watapanda hizo ngazi na kuvunja huo mlango, na mimi nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa nacheza?"

Terry akapendekeza wapande milimani. Damaris akamwambia milimani kuna watu wanaochunga. Akapendekeza wangoje Damaris arudi kwao Kisii. Damaris akamwambia Kisii ni mbaya zaidi, kwa sababu huko wangekuja na dada zake. Mwishowe walikubaliana juu ya mahali pekee ambapo nduru ingeweza kupigwa bila kumwita mtu.

Walikwenda Mbita na kukodi boti ya injini. Mwenye boti alipoelezwa safari ni ya nini, aliwapeleka mbali kuliko walivyoomba, akikipita kisiwa cha Rusinga mpaka nyumba za ufuoni zikawa hazitofautiani na mawe. Akageuka pande zote kuhakikisha hakuna wavuvi karibu. Akazima injini.

Damaris alisimama akishika ukingo wa boti, akapiga nduru.

Anasema hakuigiza. "Nilikuwa nayo moja tu maishani mwangu. Ile ya asubuhi ya Boaz. Nikaitoa hiyo, sikuwa na nyingine."

Ilipokwisha, mwenye boti alikuwa amevua kofia.

"Pole, Mama," akasema.

"Ni ya filamu tu."

"Hata hivyo, pole."

Terry alitaka kuuliza kama angeweza kuirudia, kwa usalama wa kurekodi. Akamtazama usoni, akafunga mashine.

Filamu ilichukua muda mrefu kutoka. Kosele nzima ilijua kwamba yule Mkisii wa ndizi yumo ndani ya filamu ya Akuru, na vijana wanaosoma vitabu hivyo walianza kumwita Mama Lango, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea. Habari zilifika hata bomani. Mama Risper alizisikia na hakuzitilia maanani, maana kwake filamu ni jambo la Nairobi, na aliyeko Kosele hawezi kuwa Nairobi.

Bonface, mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira, aliitafuta filamu kwa njia halali na kutangaza kwamba ataionyesha Jumapili alasiri. Jumamosi isingewezekana, kwa vile nusu ya Kosele ni Wasabato, na hiyo ndiyo siku yao ya kusali. Jumapili Wakatoliki wanakuwa wametoka misani na Wasabato wako kazini mashambani na madukani, ila wale wanaoweza kuponyoka. Damaris aliwaponyosha wanawake wote wa kwaya yake. Walikaa benchi la mbele wakiwa wamevaa leso zilizopigwa pasi. Nyatichi alikaa upande wake wa kulia. Nyuma walijaa vijana, ingawa ukumbi haukujaa kama siku za fainali.

Mama Lango anaonekana mapema katika filamu. Anakuja mlangoni, anainua taa, anafungua mdomo. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamke mwingine, laini, yenye Kiswahili kilichonyooka kama cha msomaji wa habari.

Benchi zima la kwaya liligeuka kumtazama Damaris.

"Ni wewe huyo?" Nyatichi akanong'ona.

"Si mimi."

"Labda kompyuta imekusafisha."

"Nyatichi, si mimi. Hiyo si sauti yangu."

Baadaye ilijulikana kwamba wakubwa wa kampuni walitaka sauti inayojulikana mjini, wakamwita mwigizaji mwingine kurudia maneno yote. Hakuna aliyempigia Damaris simu. Alikaa pale mbele, mbele ya watu aliowaita mwenyewe, na hakuweza kuondoka bila wote kumwona. Mwanakwaya mmoja alimpapasa mgongoni. Damaris anasema mkono huo ulimuumiza kuliko kicheko.

Wala kicheko hakikukosekana. Vijana walikuwa wameshaanza kuichambua filamu kwa sauti.

"Huyu Akuru anatembea kama amebebwa na boda!"

"Jitu ni lile lile, limebadilisha shati tu!"

"Bonface, rudisha mpira! Hata marudio!"

Kosa lingine la filamu hiyo, ambalo wakosoaji walilitaja la mwisho, ni kwamba muziki wake una nguvu na maneno yake hayasikiki. Wahusika wananong'ona kama watu walio chumba cha pili. Watu wakapaza sauti: "Sauti, Bonface!" Bonface akaongeza. Haikutosha, wakapiga kelele tena, akaongeza tena, mpaka kitufe kikagota mwisho. Alichosahau ni kwamba spika mbili kubwa alizozitundika nje, zile za kuwavuta wapita njia siku za mpira, zilikuwa bado zimeunganishwa.

Ndipo jitu la kwanza likatoka ziwani. Mama Lango akakimbilia mlango wa kijiji. Muziki ukakatika. Akafungua mdomo.

Katika kazi yote ya Damaris, kampuni ilikuwa imebakiza kitu kimoja. Yule mwigizaji wa mjini alikuwa amejaribu kukitoa na kushindwa. Nduru ya Damaris ilitoka ndani ya ukumbi, ikatoka kupitia zile spika za nje, ikavuka soko, ikavuka kijito.

Ndani ya ukumbi hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa nyuma alisimama bila kujua kwamba amesimama. Nje, mashine ya kusaga ilizimwa, kisha ikasikika miguu.

Wa kwanza kupita pazia la mlangoni alikuwa mchinjaji, kisu mkononi. Nyuma yake wakaja waendesha boda watatu, mwanamke mwenye unga mpaka viwikoni, mwalimu mstaafu aliyekuwa kinyozini na nusu ya kichwa haijanyolewa. Wengine walikuja na panga, mmoja na ndoo ya maji. Kwenye skrini, Akuru alikuwa akipigana ndani ya vumbi na hakuna aliyemwangalia.

"Sasa hii ndiyo filamu," alisikika kijana akisema, na akanyamazishwa kwa kofi la kisogoni.

Kisha akaingia Wesley, jembe begani, matope magotini, gambuti moja mguuni. Na nyuma ya Wesley akaingia Mama Risper. Hakuwa na fimbo. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimeanguka njiani. Mwanamke ambaye hutembea kutoka bomani mpaka sokoni akipumzika mara kwa mara alikuwa amevuka kijito kwa kukimbia.

"Damaris!" aliita. "Damaris yuko wapi?"

Hakuuliza ni nani anayelia. Alikuwa na jina tayari mdomoni.

Damaris alisimama. "Niko hapa, Mama."

Mama Risper alimshika mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku, akimkagua kama mtoto aliyeanguka. "Ni nani? Ni Helen? Niambie, ni Helen?"

"Hapana, Mama. Helen yuko salama. Hakuna mtu. Ni filamu."

"Ni nini?"

"Ni hiyo," Damaris akaonyesha skrini. "Ni katuni, Mama. Samahani."

Bonface, aliyekuwa ameganda karibu na mashine zake, hatimaye alizima kila kitu.

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Nduru ya bure ni kosa kubwa. Mchinjaji alisema aliacha nyama kwa nzi na mbwa wa soko. Mwalimu mstaafu alisema, akiwa na heshima zote za nusu ya kichwa, kwamba leo watu wamekimbia, na siku ya msiba wa kweli watasema ni Bonface na katuni zake. Bonface alikuwa akiomba radhi pande zote kama feni.

"Shemeji," Wesley alisema, akihema, "nimeacha ng'ombe na plau katikati ya shamba. Saa hizi wameshafika Oyugis."

 Alichokuwa akikiogopa Damaris wakati huo, anasema, ni kwamba Mama Risper ataachia mikono yake. Lakini mama mkwe hakuachia. Alikuwa amegeukia umati.

"Nyamazeni," alisema. "Nduru hii si ya uongo. Mimi naijua. Hii ni ile ya Boaz." Akamgeukia Damaris. "Si ndiyo? Ya asubuhi ile?"

"Ndiyo, Mama."

"Nilijua kabla sijatoka jikoni. Uliipigia wapi?"

"Ziwani. Mbali. Nilikwenda na boti, ili nisisumbue watu."

"Na huko, nani alikuja?"

"Hakuna, Mama. Kulikuwa na maji tu."

Mama Risper alitoa mlio wa kooni ambao wanawake wa huko huutoa wanapoona kitu kimeharibiwa bure. Alikaa kwenye benchi la kwaya, wanakwaya wakisogea kumpisha, akajipepea na upindo wa leso.

"Nimekimbia na hii miguu mibovu," alisema, kama anazungumza na ukumbi mzima. "Hata maji ya kunywa hakuna?"

Bonface aliruka na soda baridi.

"Soda ya nini? Nimesema maji." Akamtazama Damaris. "Kwani kwako ni wapi?"

Alijua vizuri ni wapi. Kila mtu Kosele anajua. Damaris akatangulia mbele.

Kutoka ukumbini mpaka nyuma ya soko ni mwendo mfupi, na watu kadhaa waliufuata kwa mbali, wakijifanya wana shughuli upande ule. Nyatichi hakujifanya. Alifuata wazi. Mlangoni, Mama Risper alisimama. Damaris alikwisha ingia na kuchukua kikombe, na alipogeuka alimwona pale nje, mguu mmoja karibu na kizingiti, akikiangalia.

"Mama," Wesley alisema polepole nyuma yake. Ilikuwa sauti ya kumkumbusha.

"Wesley, wewe umekuja kwa nini?"

"Kwa nduru."

"Na mimi pia. Sasa mtu aliyekimbilia nduru anasimamishwa mlangoni kama mchuuzi?"

Akaingia. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu zaidi, akapokea maji kwa mikono miwili, akanywa yote, akaomba mengine. Wesley alibaki nje na jembe lake kwa muda, akitazama kushoto na kulia.

"Hata mimi nilikimbia," hatimaye alisema, akavua gambuti na kuinama kuingia.

Damaris aliwapa ndizi zilizoiva. Waliokuwa nje walipoona maganda yakitupwa dirishani wakaenda kusema, na kabla ya jua kutua boma zima lilikuwa limesikia.

Lisisemwe jambo ambalo halikutokea. Hakuna kikao kilichoitwa, na wazee wa boma hawajabadilisha neno walilolitamka. Baadhi ya mashemeji bado hawali kwa Damaris, na mmoja wao huvuka barabara. Lakini Mama Risper huja, hukaa, hulalamika kwamba chai ina maji mengi, na Wesley huleta mahindi mabichi yakiwa tayari. Mtoto wa Wesley alipoungua mguu, walituma mtu kumwita Damaris, naye aliingia katika lile boma kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka, na hakuna aliyemwuliza kwa desturi gani.

"Mimi nashukuru," anasema, na kwake neno hilo si la mazoea. Anamshukuru Mungu kwanza. Kisha anamshukuru Bonface kwa kusahau zile spika, na yule mwigizaji wa mjini kwa kushindwa. "Kama filamu ingekuwa nzuri, sauti ingesikika tangu mwanzo, na Bonface asingegusa kile kitufe. Sasa mimi niitukane vipi?"

Terry alimpigia simu baada ya wiki kadhaa. Alikuwa ameandaa radhi ndefu. Alisema alipigana kutetea sauti yake na akashindwa, kwamba anaona aibu, kwamba kazi nzuri yote ilitupwa. Damaris alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Binti yangu, mliacha ya kutosha," akamwambia, na akamwomba akija tena huku apite kula.

Nyatichi, aliyempoteza mnunuzi wake wa ndizi, ndiye pekee anayesema amedhulumiwa, na husema hivyo akiwa amekaa kwenye kiti cha Damaris akinywa chai yake.

Limebaki jambo moja. Siku ile Bonface alipozima mashine, filamu ilikatika katikati, na Mama Risper hakupenda kuacha kitu nusu. Alitaka kujua kijiji kile kilipona au la. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, spika za nje zikiwa zimeng'olewa kabisa, alikwenda ukumbini akishikwa mkono na Damaris, akakaa mbele. Bonface aliirudisha mpaka pale jitu linapotoka majini.

Kitabuni, baada ya nduru ya Mama Lango, kurasa kadhaa zimejaa watu wakikimbia: wavuvi, wafinyanzi, watoto, mzee aliyebebwa mgongoni. Mashabiki wanasema ndizo kurasa bora kuliko zote. Watengenezaji wa filamu walizikata. Nduru inapigwa, kisha anaonekana Akuru peke yake angani, kisha vumbi. Mama Lango haonekani tena mpaka mwisho.

Mama Risper alingoja. Majina ya waliotengeneza filamu yalipoanza kupanda, alimgeukia Damaris.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Mama."

"Huyo mwanamke wa mlangoni amepiga nduru vile, na hakuna aliyekuja?"

"Hawakuja, Mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama Risper aliinuka kwa hasira, akimsukuma Damaris mbele yake kuelekea mlangoni. "Hao waliotengeneza hii kitu," alisema, kwa sauti ambayo Bonface aliisikia mpaka nyuma, "walilelewa na nani?"